Neno «sabotage» halikuzaliwa kwa kiatu kutupwa mtamboni

Katika semina ya wafasiri niliyohudhuria hivi karibuni, mtoa mada alisimulia tena kwamba neno la Kiingereza «sabotage» lilizaliwa pale wafumaji wa Ufaransa walipovua viatu vyao vya mbao, yaani «sabot», wakavitumbukiza katika mitambo iliyokuwa ikiwanyang'anya riziki. Washiriki wakaandika. Nimekisikia kisa hiki mara nyingi mno, na sasa nimeona nisikinyamazie, kwa sababu kinaifukia maana yenyewe ya neno.

«Sabot» ni kiatu cha kuchongwa, ndugu wa mtalawanda wetu wa pwani, na kilikuwa kiatu cha mkulima na maskini. Kitenzi chake, «saboter», kilimaanisha kutembea kwa kishindo cha viatu hivyo; kisha, katika lugha ya mitaani, kikaja kumaanisha kufanya kazi haraka na vibaya. Wapo wanaodai kwamba maana hii ya pili ilitokana na mwendo mzito wa mvaaji, na wapo wanaoiona kuwa ni dharau ya watu wa mjini kwa mtu wa shamba. Mimi naelekea upande wa dharau, ingawa siwezi kuliapia jambo hilo.

Neno liliingia rasmi katika harakati za wafanyakazi mwaka 1897, mjini Toulouse, Ufaransa, ambako mkutano mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, CGT, ulipokea ripoti iliyotetewa na Émile Pouget, mwandishi na mwanaharakati wa vyama hivyo. Mfano aliopenda kuutoa Pouget haukuwa wa mtambo uliovunjwa, bali wa makuli wa bandari ya Glasgow, Uskoti, mwaka 1889. Makuli hao walishindwa katika mgomo, huku nafasi zao zikiwa zimeshikwa na vibarua wa mashambani waliofanya kazi polepole na kuangusha mizigo, lakini wakasifiwa na waajiri. Waliporudi kazini, chama chao kiliwaagiza waige vibarua hao waliosifiwa, na muda si mrefu waajiri wakakubali kuongeza ujira. Kanuni ilikuwa moja tu: ujira mbaya, kazi mbaya.

Sisemi kwamba mitambo haikuguswa kamwe, kwa maana Pouget mwenyewe aliruhusu pia kuharibu zana. Katika mgomo wa reli wa Ufaransa wa mwaka 1910, uharibifu wa nyaya na njia ulitangazwa sana magazetini, na ni katika miaka hiyo ndipo Waingereza walipolizoea neno hili, wakalipokea likiwa tayari na sura ya uharibifu. Vita vya mwaka 1914 vikaliongezea majasusi na baruti.

Ndiyo maana tafsiri yetu ya kawaida, «hujuma», hunisumbua. Hujuma, kwa asili yake ya Kiarabu, ni shambulio, na shambulio lina mshambuliaji anayekuja. Inafaa kwa daraja lililolipuliwa. Na tangu Tanzania ilipotunga sheria ya uhujumu uchumi mwaka 1983, imebeba hata ulanguzi na ufichaji wa bidhaa. Lakini kuli wa Glasgow hakumshambulia mtu. Alifanya kile ambacho fundi yeyote wa Dar es Salaam angekiita kulipua kazi, na kwa pamoja wenzake walifanya kile tunachokiita mgomo baridi. Tazama jinsi kitenzi «lipua» kinavyobeba peke yake baruti na kazi ya ovyo, maana zile zile mbili ambazo neno la Kifaransa lilizipata moja baada ya nyingine. Sidai kwamba zina uhusiano wa asili. Nasema tu kwamba tunalo neno, nasi tunalipita.

Kwa hiyo, katika maandishi ya vyama vya Ufaransa ya kabla ya mwaka 1910, mimi huandika «kulipua kazi kwa makusudi», na hujuma huiacha kwa ya baadaye. Mpaka huo si safi. Katika kurasa za Pouget, ambamo kazi mbovu na zana iliyoharibiwa hukaa katika aya moja, nimewahi kubadilisha tafsiri ya sentensi moja mara tatu, na hata toleo nililolikabidhi halijaniridhisha.