Kung'arisha Meno Nyumbani: Jua Chanzo cha Rangi, Kisha Soma Lebo

Malalamiko kuhusu jeli za kung'arisha meno yanazidi kutufikia, na mengi yanafanana. Mtu ameagiza jeli mtandaoni, maelekezo yanasema nusu saa, yeye amelala nayo hadi asubuhi. Anaamka fizi zimebabuka na meno yana ganzi kiasi kwamba hata maji ya kawaida hayanyweki. Wengine hawaumii popote, ila wiki zinapita na rangi haibadiliki. Wote hao tunawauliza swali moja: ulijua jino lako limebadilika rangi kwa sababu gani?

Madoa ya chai, kahawa na sigara hukaa juu ya jino, nayo huondoka kwa kusafishwa vizuri. Umanjano unaokuja na umri hutoka ndani. Enameli, yaani tabaka gumu la nje ya jino, hulika polepole na kuwa nyembamba, dentini, tabaka la manjano lililo chini yake, hukolea, na rangi yake hupenya hadi nje. Hapo mswaki haufiki. Ni peroksaidi, kemikali ya kung'arisha iliyomo kwenye jeli, inayopenya enameli na kuzivunjavunja chembe za rangi. Umanjano huu wa umri ndio hujibu vizuri kuliko rangi nyingine za ndani. Rangi ya kijivu iliyoachwa na dawa ya tetrasaiklini utotoni huchukua miezi, wakati mwingine sita au zaidi, na huenda isiishe. Jino moja lililogeuka jeusi peke yake baada ya kugongwa huenda limekufa ndani. Hilo ni la kupigwa picha ya eksirei na daktari, si la kupakwa jeli.

Kijazio, kofia ya jino na jino la bandia havibadiliki rangi hata ukitumia jeli mwaka mzima. Mwenye kijazio kwenye meno ya mbele ajue mapema kwamba baada ya kung'arisha kitaonekana kimekolea rangi kuliko jino lenyewe, na atahitaji kukibadilisha. Asubiri wiki mbili kwanza, kwa sababu oksijeni inayobaki ndani ya jino huzuia kijazio kipya kushika.

Suala la kusugua meno kwa limau ili yang'ae tumelieleza mara nyingi, na bado watu wanalirudia. Enameli huanza kuyeyuka pH (kipimo cha ukali wa asidi; ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ikishuka chini ya takriban 5.5, maji ya limau yana pH ya karibu 2. Anayesugua limau hang'arishi jino, analiyeyusha, na enameli ikiondoka haioti tena. Kinachobaki kuonekana ni dentini, ambayo ni ya manjano. Mkaa nao hukwangua tu. Rangi ya ndani hauigusi.

Sasa nguvu ya jeli. Kabamaidi peroksaidi ya asilimia 10 hutoa haidrojeni peroksaidi ya takriban asilimia 3.5, na matumizi yake ya usiku ndani ya kifuniko cha meno (kifaa chembamba cha plastiki kinachovishwa juu ya meno kushikilia jeli) yalichapishwa kitaalamu mwaka 1989. Hufanya kazi polepole kwa saa kadhaa, ndiyo maana huvaliwa usiku. Jeli ya haidrojeni peroksaidi yenyewe huisha nguvu mapema, hivyo muda wake ni mfupi. Usichanganye ratiba za hizo mbili. Jeli kali zaidi hukufikisha haraka, lakini rangi ya mwisho haitofautiani sana, ila ganzi huzidi. Zile za asilimia 35 za haidrojeni peroksaidi ni za kliniki, ambako fizi hukingwa kwanza.

Kifuniko kilichotengenezwa kwa vipimo vya meno yako kina thamani kuliko taa ya buluu inayouzwa pamoja na jeli. Weka tone la ukubwa wa kichwa cha kiberiti upande wa mbele wa kila jino, vaa, kisha futa mara moja jeli yoyote iliyotokeza kwenye fizi. Fizi ikiwa na baka jeupe linalochoma, hiyo ni jeli iliyounguza. Suuza na uache kutumia jeli mpaka ipone. Ganzi ikija, ruka siku moja au mbili, na tumia dawa ya meno yenye potasiamu naitreti ya asilimia 5.

Usipime matokeo dakika ile unayovua kifuniko. Jino lililokauka huonekana jeupe kuliko lilivyo, na rangi hutulia baada ya wiki moja hadi mbili. Chonge huchelewa kuliko meno mengine, kwa hiyo usiongeze dozi kwa ajili yake. Wajawazito tunawashauri wasubiri. Mwenye jino lililotoboka au fizi zinazotoka damu atibiwe kwanza.

Kuhusu sheria, nchi zinatofautiana, lakini Umoja wa Ulaya unatoa kipimo kizuri. Tangu mwisho wa Oktoba 2012, bidhaa inayouzwa huria haipaswi kuzidi asilimia 0.1 ya haidrojeni peroksaidi. Inayozidi hapo hadi asilimia 6 huuzwa kwa madaktari wa meno pekee, matumizi ya kwanza hufanywa na daktari au chini ya usimamizi wake, na haitumiki kwa aliye chini ya miaka 18. Nchini Uingereza, Mahakama Kuu ilithibitisha mwaka 2013 kwamba kung'arisha meno ni kazi ya udaktari wa meno, hivyo saluni inayoifanya bila usajili hushtakiwa na kutozwa faini.

Anayeleta malalamiko aje na kifungashio kizima, si picha ya tangazo. Tunahitaji namba ya toleo, tarehe ya mwisho ya matumizi, jina la mtengenezaji, asilimia ya peroksaidi na risiti, pamoja na picha ya fizi iliyopigwa siku ileile zilipobabuka, kwa sababu baada ya siku chache huwa zimepona na ushahidi umekwisha. Andika pia saa ulizoivaa, kwa ukweli, hatumwadhibu mtumiaji. Jeli isiyoandikwa asilimia usiijaribu hata kwa jino moja. Ilete ikiwa bado imefungwa.