Kawempe: jiji juu ya ardhi ya kijiji

Malalamiko ya ardhi kutoka Kawempe, mojawapo ya sehemu za jiji la Kampala, Uganda, yameongezeka, na mengi yana chimbuko moja: mtu kanunua kibanja, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi yenye hati ya mtu mwingine, kwa karatasi ya mwenyekiti wa LC1 (baraza la mtaa la ngazi ya chini kabisa), kajenga, kisha mwenye hati ya ardhi hiyo akatokea. Kabla ya utaratibu wa kununua, inabidi tuseme Kawempe ni mahali pa namna gani.

Hadi 1968 Kawempe haikuwa Kampala. Ilikuwa mji mdogo unaojitegemea kando ya barabara ya Bombo, na nje yake vijiji vyenye migomba vikiteremka hadi mafunjo ya Lubigi. Mwaka huo mipaka ya jiji ilipanuliwa, ikaingizwa pamoja na Mengo na Nakawa. Jiji lilifika, mpangilio ukachelewa. Vijia vya kwenda kisimani vikawa barabara, ndiyo maana Kazo na Kanyanya unaweza kufuata njia ikakufikisha ukutani kwa mtu. Nyuma ya gereji na vyumba vya kupanga bado utakuta migomba michache na makaburi ya ukoo yaliyosakafiwa kwa saruji. Ukiona kaburi kwenye kiwanja unachouziwa, uliza ni la nani. Kuna familia ina historia hapo, na huenda ina haki.

Chini ya yote hayo kuna mailo, umiliki wa kudumu wa ardhi kwa hati. Mkataba wa Buganda wa 1900 uliwagawia ardhi Kabaka (mfalme wa Buganda), machifu na wakubwa wengine, na wakulima waliokuwapo wakajikuta wapangaji juu ya ardhi ya mtu. Sheria ya busuulu (kodi ya mwaka anayolipwa mwenye ardhi) na envujjo (ushuru wa mazao) ya 1928 ikawawekea kinga na kiwango cha kulipa. Amri ya 1975 ikaifanya ardhi yote kuwa ya umma. Katiba ya 1995 ikairudisha mailo. Kwa hiyo kipande kimoja kina watu wawili wenye haki halali: mwenye hati na mwenye kibanja. Hati zenyewe bado zinaandikwa Kyadondo, kaunti ya zamani ya Buganda, kisha namba ya bloku na ploti.

Sasa wanunuzi. Baraza la LC1 kisheria huitwa kijiji hata katikati ya jiji, na hapo ndipo watu wanapojidanganya kwamba mambo ya kijiji yanamalizwa na mwenyekiti. Hayamalizwi naye! Mhuri wake unathibitisha kwamba anawafahamu wahusika. Hauhamishi haki ya mtu.

Mwenye kibanja anayetaka kuuza lazima kwanza ampe mwenye hati nafasi ya kununua. Akiuza bila hivyo, tangu marekebisho ya 2010 ni kosa la jinai: faini isiyozidi pointi 96, kila pointi shilingi 20,000, yaani shilingi 1,920,000, au kifungo kisichozidi miaka minne, au vyote viwili. Mauzo yanakuwa batili na kibanja kinarudi kwa mwenye hati. Wewe mnunuzi unabaki na karatasi. Mwenye hati naye akitaka kuuza, mwenye kibanja ndiye wa kuulizwa kwanza. Kama ni makazi ya familia, ridhaa ya mume au mke iwe kwa maandishi.

Kwa wenye hati wanaotuma vijana na tingatinga usiku: mkaaji halali hafukuzwi ila kwa kutolipa busuulu, na kwa amri ya mahakama tu, ikimpa muda usiopungua miezi sita. Kufukuza bila amri ni kifungo kisichozidi miaka saba. Mwenye kibanja, lipa busuulu kila mwaka na utunze risiti.

Bwaise na pembezoni mwa Lubigi tunawasihi msinunue kwenye ardhioevu kwa bei yoyote. Kikatiba Serikali inaishikilia kwa niaba ya wananchi wote.

Kabla ya kutoa hata senti ya kishika nafasi, peleka namba ya bloku na ploti katika ofisi ya kanda ya Wizara ya Ardhi, uombe upekuzi wa rejista. Ukishapata jina la mwenye hati, mtafute yeye mwenyewe, pamoja na yule anayekuuzia.