Strungi inayotoka mitini: mvua inavyoshusha kaboni mpaka udongoni

Kwenye meza yangu kuna chupa mbili, zote za siku moja na msitu mmoja, upande wa kusini wa Kilimanjaro kwenye mita kama 2,200 hivi. Moja ni mvua niliyoikinga sehemu ya wazi, haina rangi kabisa. Nyingine nimeikinga kwenye shina la mkulo, hatua arobaini tu kutoka pale, na hiyo ina rangi ya strungi iliyoongezwa maji. Mvua ni ile ile, kilichobadilika ni njia iliyopita.

Na kwa kweli mti unapika chai. Mvua ikidondoka juu ya majani inakuta vitu kibao vinasubiri: sukari na asidi zinazovuja kwenye majani yenyewe, vumbi la kiangazi, chavua, mavi ya wadudu, ule utomvu mtamu unaotolewa na vidukari, alafu kwenye msitu wetu ule wa mawingu kuna kitu kingine kabisa, yaani matawi yamevaa ndevu za kijani, kangaga, okidi, na katikati yake majani yameoza mpaka yametengeneza udongo juu ya mti, futi nyingi kabla hujafika chini. Maji yanapita kote huko taratibu, yananywewa kama na sponji, yanarudi kudondoka. Yakishuka kwenye gome ndo yanakolea zaidi, maana gome lina tanini, ile ile inayoipa chai ukali, na likiwa na mikunjo linayashikilia muda mrefu.

Vingi kati ya vitu hivyo vimejengwa kwa kaboni, na hiyo ndo ninayoipima. Kwa namba: maji ya mvua safi kwa kawaida yana miligramu 1 au 2 za kaboni iliyoyeyuka kwenye lita moja. Yakishapita kwenye majani unakuta 5 mpaka 20, ya kwenye shina yanaweza kwenda mbali zaidi. Mvua za kwanza baada ya kiangazi ndo kali kuliko zote, kama kuosha sufuria iliyoungua, lita za mwanzo zinabeba kila kitu. Ukichelewa kufunga vifaa mpaka mvua zimekolea umeshakosa uhondo.

Vifaa vyenyewe msitegemee maajabu, ni madumu na faneli zenye wavu, na kwenye shina tunapasua mpira wa maji kwa urefu, tunauzungusha kwenye mti kama mkanda, tunaziba kwa silikoni. Kima wanazipenda sana hizo faneli, ndege nao wanazitumia kama choo, kwa hiyo ukiona namba imeruka ghafla usikimbilie kuandika ugunduzi. Mwaka wangu wa kwanza nilisahau sampuli kwenye gari kuanzia Ijumaa mpaka Jumatatu, juani. Kumbe bakteria walikuwa wanakula humo humo ndani ya chupa, sukari ile wanaimaliza chapchap, nikabaki na kaboni pungufu na kazi ya wiki nzima imeenda na maji. Siku hizi nachuja siku hiyo hiyo, inaingia kwenye kisanduku cha barafu gizani, baadae maabara mashine inaichoma kwenye nyuzi joto 680 na kupima gesi inayotoka.

Kaboni hiyo ni nyingi kiasi gani? Fanya hesabu ya mkono: milimita 1 ya mvua ni lita 1 kwa mita mraba. Zikifika chini milimita 1,500 kwa mwaka zenye miligramu 10 kwa lita, hiyo ni gramu 15 kwa mita mraba, kilo 150 kwa hekta, mifuko mitatu ya sementi. Majani yanayodondoka yanaleta zaidi, tani kadhaa, sibishi. Lakini jani likishaanguka linakaa pale juu, haliwezi kujichimbia. Maji yanaweza, na yale ya shina yanafuata mizizi kabisa yanazama.

Sasa kuna mzee mmoja mfereji unapita kihambani kwake (kihamba ni shamba la nyumbani la Wachaga), nilipita nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba akaangalia chupa yangu. "Kijana, kama msitu unatoa maji machafu namna hiyo, mbona haya ya mfereji ni masafi?" Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa na wenye digrii.

Jibu ni udongo. Chini ya majani makavu ile chai inakolea tena, alafu inakutana na udongo wa volkano uliojaa aluminiamu na chuma vya aina inayong'ang'ania kaboni. Sehemu inaliwa na vijidudu na kurudi hewani kama hewa ya ukaa, nyingine inaganda kwenye chembe za udongo. Na haigandi milele, ni kama daladala: abiria mpya anapanda, konda anasema sogea nyuma, wa zamani anasukumwa chini kidogo, anashika bomba lingine. Ndo maana kaboni unayoikuta kwenye udongo wa chini mara nyingi ni kongwe kuliko ya juu. Mpaka maji yatokeze kwenye chemchemi, abiria karibu wote wameshashuka.

Pasipo na udongo wa hivyo mambo ni tofauti kabisa. Nenda Mbandaka, Kongo, mto Ruki unapoingia mto Kongo: maji yake ni meusi, maana yametoka kwenye misitu ya kinamasi ambako chai inapita moja kwa moja mtoni bila kuchujwa.

Mzee akasikiliza, akasema basi nije nipime na migomba yake, maana jani la mgomba ni mchirizi mtupu, mvua yote inaelekea shinani. Yuko sahihi, na sijui kwa nini sikuwaza mwenyewe. Mpira wa maji nimeshanunua, masika ikianza nafunga migomba sita.