Kubana ruhusa kwenye mfumo wa ofisi maana yake nini?

Kubana ruhusa ni kumpunguzia mtumiaji wa mfumo uwezo alionao mpaka abaki na ule tu unaohitajika kwa kazi yake. Keshia apokee pesa na atoe risiti, asiweze kufuta mauzo ya jana. Mtu wa stoo aone mzigo, mishahara haimhusu. Kanuni yenyewe si ya jana. Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliieleza mwaka 1975, enzi za kompyuta moja kubwa inayotumiwa na watu wengi: kila programu na kila mtumiaji afanye kazi kwa uwezo mdogo kabisa unaotosha kuimaliza kazi hiyo.

Ruhusa huzidi vipi basi? Mara nyingi hakuna aliyekusudia. Faili halifunguki, bosi anasubiri ripoti, mtu wa IT anaweka tiki kwenye "Full Control" (uwezo wote) ya kundi la Everyone (kila mtu) kwenye Windows. Funika kombe mwanaharamu apite. Kwenye kompyuta za Linux ni amri ya chmod 777, namba inayompa kila mwenye akaunti kwenye mashine hiyo uwezo wa kusoma, kuandika na kuendesha. Kwenye SAP, programu ya kuendeshea hesabu na shughuli za kampuni, kuna SAP_ALL, na jina linajieleza: "all" ni yote. Zote huwekwa "kwa leo tu". Sijawahi kumwona aliyeandika kwenye kalenda siku ya kuja kuziondoa.

Njia ya pili huenda polepole, na kwangu ndiyo mbaya zaidi. Chukua duka la jumla la vifaa vya ujenzi. Kijana anaanzia stoo, anapewa ruhusa ya kuthibitisha mzigo umeingia. Anahamia manunuzi, anaongezewa kusajili wasambazaji na kuandika oda. Mwaka wa tatu yuko uhasibu, analipa ankara. Kila alipohama alikabidhiwa ufunguo mpya, na wa zamani hakuna aliyemdai. Leo anaweza kusajili msambazaji hewa, kumwandikia oda, kuthibitisha mifuko 300 ya saruji ambayo haikufika, kisha kuilipia, yote bila kuinuka kitini. Huenda ni mwaminifu kuliko wote pale dukani. Lakini nywila yake ikiibwa, mwizi anarithi funguo zote tatu.

Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka mwaka 1995 kwa hasara ya pauni milioni 827 kwa ugonjwa wa aina hiyohiyo. Nick Leeson, aliyekuwa Singapore, alifanya biashara ya masoko ya hisa na wakati huohuo akasimamia ofisi iliyopaswa kuzihakiki biashara zake.

Kubana kwenyewe si kazi ya asubuhi moja. Ukikata kila kitu Ijumaa, Jumatatu mishahara haitoki, na kufika mchana ruhusa zote zimerudishwa kwa hasira. Anza na orodha: akaunti zipi zipo, kila moja inaweza nini. Walioacha kazi wafungiwe siku hiyohiyo. Waliobaki, waulizie kwa mkuu wa idara, maana mtu wa IT anaijua folda lakini hajui nani anastahili kuisoma. Kisha ruhusa zipewe makundi, sio watu: anayehamia uhasibu anaingizwa kundi la uhasibu na kutolewa la manunuzi. Usisahau kazi zinazokuja mara moja kwa mwaka, kama kufunga hesabu. Ukitazama kumbukumbu za mfumo za miezi 3 tu utadhani hazipo. Na akaunti ya msimamizi wa mfumo isitumike kusomea barua pepe. Kirusi kinachofunga mafaili ili kudai fidia hutumia uwezo wa akaunti kilimoingilia. Pale ilipokuwa na ruhusa ya kusoma tu, kitahangaika kuandika.

Tatizo gumu ni la kibinadamu. Mhasibu wa miaka 15 akikuta folda imefungwa, hasomi kanuni, anasoma tuhuma: "Kwani hamniamini?" Mweleze kabla hujafunga: fedha zikipotea, asiye na ufunguo haulizwi.

Halafu kuna akaunti ambayo kila mtu anaikwepa, ya mkurugenzi. Kwa kawaida inaweza yote, kwa heshima. Mtu anayefungua mfumo mara mbili kwa mwezi kuangalia mauzo anahitaji kuona mauzo. Nenda na karatasi yenye orodha ya ruhusa zake, umwombe akuonyeshe ni ipi aliyowahi kuitumia.