Damaged ya Black Flag: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Huku kwetu panki ni mtindo wa kunyoa kwanza, muziki baadaye. Hadikoo ni panki iliyokazwa: nyimbo fupi, mwendo wa mbio, mwimbaji anafoka zaidi ya kuimba. Ukiuliza uanzie wapi, wengi watakutajia Damaged, albamu ya Black Flag wa Hermosa Beach, California, iliyotoka Desemba 1981 ikiwa na nyimbo 15 ndani ya dakika 35 hivi. Ina sifa kubwa, na nyuma ya sifa kuna porojo nyingi.

"Ni bendi ya Henry Rollins."

Jalada ndilo linalopotosha, maana anayeonekana hapo ni yeye peke yake, akipiga kioo kwa ngumi. Mwenye bendi ni mpiga gitaa Greg Ginn, aliyeianzisha mwaka 1976 kwa jina la Panic. Rollins ni mwimbaji wa nne. Kabla yake walipita Keith Morris, Ron Reyes na Dez Cadena. Rollins alitoka Washington, D.C., alikokuwa akiuza aiskrimu, akajiunga katikati ya 1981, na Agosti hiyohiyo wakaingia studio. Nyimbo nyingi alizikuta zimeshatungwa, zimeshapigwa jukwaani, na baadhi zimesharekodiwa. Mwenye shaka asikilize "Depression" kwenye mkusanyiko wa Everything Went Black, imo kwa sauti za watangulizi wake. Mchango wake ulio wazi kuliko yote ni "Damaged I", wimbo wa kufungia, ambao maneno yake aliyabuni papo hapo akirekodi.

Na ile damu kwenye mkono wake? Wino mwekundu uliochanganywa na kahawa. Kioo kilipasuliwa kwa nyundo kabla ya mpiga picha Ed Colver kubonyeza kamera.

"MCA waliikataa kwa sababu ya matusi."

Hapa ndipo hadithi imenoga kuliko ukweli, ingawa ukweli wenyewe si mwepesi. Black Flag walikuwa na lebo yao, yaani kampuni ya kutoa santuri, SST, iliyozaliwa kutokana na biashara ya vifaa vya elektroniki ya Ginn. Kwa albamu hii waliingia ubia na lebo nyingine, Unicorn, wakarekodi kwenye studio ya Unicorn, nao Unicorn walikuwa wakisambaziwa na MCA, kampuni kubwa ya muziki. Maelfu ya nakala yakawa tayari, nembo ya MCA juu ya jalada. Ndipo Al Bergamo, mkuu wa usambazaji wa MCA, akasema kwamba yeye kama mzazi anaiona ni santuri inayowapiga vita wazazi. MCA wakajitoa. Bendi haikulia. Walichapisha stika yenye maneno hayohayo ya Bergamo, wakaibandika juu ya nembo. Kashfa ikageuka tangazo la bure. (Ukibahatika kupata nakala yenye stika hiyo, usiibandue ili kuchungulia kilicho chini; utaondoka na karatasi ya jalada.)

Joe Carducci, aliyefanya kazi SST, ameeleza kwamba maadili yalikuwa kisingizio tu: MCA walikuwa wakitafuta njia ya kuachana na Unicorn, ambao hesabu zao zilikuwa mbaya. Binafsi naona maelezo haya yana uzito, kwa sababu yaliyofuata yote ni ya pesa na mikataba. Bendi na Unicorn waliishia mahakamani, na zuio likatolewa Black Flag wasitoe kazi kwa jina lao. Everything Went Black ikatoka bila jina la bendi, ina majina ya wanamuziki tu. Mahakama haikucheka. Ginn na mpiga besi Chuck Dukowski walifungwa siku tano kwa kuidharau. Kifungo kilikwisha upesi kuliko lile zuio, lililoendelea hadi Unicorn ilipofilisika mwaka 1983. Mwaka 1984 pekee zikatoka albamu nne, moja ya jukwaani.

"Ni kelele tu, hakuna mpangilio."

Weka spika za masikioni. Magitaa ni mawili. Cadena aliacha maikrofoni akashika gitaa la pili, na faida yake inasikika Ginn anapochomoka kupiga solo: chini hapabaki tupu, jambo linalozisumbua bendi zenye gitaa moja. Robo, mpiga ngoma, alivaa bangili mkononi, na mlio wake unaingia kwenye mapigo. "No More" inaanza na besi ya kunyata, kisha inapanda ngazi kwa ngazi hadi mbio. Wanaoiiga huanzia juu mno, kilele kikifika hawana pa kwenda. "TV Party" nayo, yenye kuitikiwa kwa pamoja kama wimbo wa walevi, si sifa kwa bia wala televisheni. Ni kejeli: runinga inaharibika, na vijana hawajui wafanye nini na maisha yao.

"Ni muziki wa wazungu watupu."

Robo ni Mkolombia. Reyes ni wa asili ya Puerto Rico. Spot, aliyesimamia urekodi pamoja na bendi, jina lake Glen Lockett, baba yake alikuwa rubani wa kikosi cha Tuskegee, marubani Weusi wa jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Pili.

"Mashabiki wa hadikoo walitaka waendelee hivyohivyo, na bendi ikawasaliti."

Albamu iliyofuata, My War, iliwagawa mashabiki: upande wa pili una nyimbo tatu tu, kila mmoja unapita dakika sita, mwendo wa kobe. Waliolalamika walisahau jinsi Damaged yenyewe inavyofungwa. "Damaged I" inajikokota karibu dakika nne, Rollins akipiga kelele juu ya gitaa lisilo na haraka yoyote.