Pima kwanza, kata baadaye: kufunga mwenyewe rimoti ya kuwasha gari

Wengi wanaotaka kujifungia rimoti ya kuwasha gari huanza kwa kuuliza kifaa kipi ni kizuri na kinashika umbali gani. Mimi huanzia kwingine: gari lako ni la gia gani, na ufunguo wake una chipu? Majibu ya maswali hayo mawili ndiyo yanayoonyesha kama kazi hii ni ya kufanya mwenyewe au la.

Gari la gia za mkono likiachwa kwenye gia, starta peke yake ina nguvu ya kulirusha mbele, na ndani hakuna mtu wa kukanyaga breki. Viko vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya magari hayo. Dereva hutoa gia na kuvuta handbreki injini ikiwa bado inaunguruma, anashuka, kisha kifaa chenyewe ndicho kinachozima injini milango ikishafungwa. Mlango ukifunguliwa tena, ruhusa ya kuwasha kwa rimoti inafutika. Utaratibu wote huo umetegemea swichi za milango. Ikifa moja, kifaa hakijui kwamba kuna aliyeingia na kuacha gari kwenye gia. Kwa anayefunga kwa mara ya kwanza nasema waziwazi: gari la gia za mkono liache.

Hata la otomatiki likaguliwe. Nenda uwanja mpana usio na watu, vuta handbreki, kanyaga breki mpaka chini, weka gia kwenye D injini ikiwa imezimwa, halafu jaribu kupiga starta kwa ufunguo. Starta ikikaa kimya, kuna swichi ya usalama inayoikatia umeme. Ikizunguka, gari hilo halina kinga hiyo au kinga imekufa, na rimoti haifai kufungwa mpaka hilo litatuliwe.

Sasa chipu. Tangu mwaka 1998 magari mapya ya Umoja wa Ulaya yanatakiwa kuwa na imobilaiza, yaani mfumo unaozuia gari kuwashwa bila ufunguo wake halisi, na leo utaikuta kwenye magari mengi popote. Kwenye kichwa cha ufunguo kuna chipu ndogo, na kuzunguka tundu la ufunguo kuna koili inayoisoma. Kompyuta ya gari isipoitambua chipu, starta haizunguki kabisa, au injini inawaka na kuzima baada ya muda mfupi. Kwa hiyo pamoja na kifaa unahitaji moduli (kiboksi cha elektroniki) ya kupitisha imobilaiza, inayolingana na modeli na mwaka wa gari lako. Moduli nzuri huongea na kompyuta ya gari kupitia waya za data. Ziko pia za kuficha ufunguo wa akiba ndani ya boksi chini ya dashibodi. Hizo sizipendi, maana mwizi akilipata boksi amepata na ufunguo.

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo: kuzitambua waya nyuma ya swichi ya ufunguo. Usiamini rangi. Michoro ya waya husaidia kujua pa kutafuta, lakini magari mawili ya modeli moja yanaweza kutofautiana. Tumia mita ya kidijitali, na taa ya kupimia yenye balbu iache kabisa. Balbu hunyonya umeme, na ukigusa nayo waya wa kompyuta au wa eabegi (mfuko wa hewa wa kukinga watu ajalini) unaweza kuunguza moduli au kulipua eabegi.

Ncha nyeusi ya mita ishike chuma kitupu cha bodi. Ncha nyekundu ipenyeze kwa nyuma ya plagi ya swichi, kwenye waya nene mmoja baada ya mwingine, huku mwenzako akizungusha ufunguo, gari likiwa P na mguu kwenye breki. Waya wa moto wa kudumu unasoma volti 12 na ushei hata ufunguo ukiwa nje. Waya wa starta unasoma sifuri muda wote, unapata volti starta inapopigwa tu. Zinazochanganya ni mbili: wa ignisheni, unaolisha injini, na wa aksesori, unaolisha vitu kama redio. Ufunguo ukiwa ON zote zinasoma volti 12, huwezi kuzitofautisha. Mwambie mwenzako apige starta, na usitoe macho kwenye mita. Wa ignisheni unashuka kidogo lakini unabaki na umeme, wa aksesori unaanguka mpaka sifuri na kurudi ufunguo ukiachiwa. Ukizibadilisha, starta itazunguka bila injini kushika. Usiishie kwenye waya wa kwanza unaopata, kwa sababu magari mengi yana waya mbili za ignisheni, na mengine hata mbili za starta. Ukiusahau wa pili, gari linaweza kuwaka huku feni ya AC haipulizi.

Kama nyuma ya swichi kuna waya nyembamba peke yake, au gari ni la kubonyeza kitufe, mpango huu haukuhusu. Hapo unahitaji kifaa cha data kilichoandaliwa kwa gari hilo.

Kifaa huunganishwa pia na waya wa breki ili kizime injini pedali ikikanyagwa; waya huo unapata volti 12 pedali ikikanyagwa. Swichi ya boneti usiiruke hata kama unaona ni usumbufu: ndiyo inayozuia injini kuwaka wakati mkono wa mtu uko kwenye mkanda wa feni. Na gari la dizeli lazima kifaa kisubiri hita plagi, zile za kupasha silinda joto, zipate moto kabla ya kupiga starta.

Waya hizi hubeba umeme mwingi, fyuzi za kifaa huweza kufika ampea 30, kwa hiyo vile vibanio vya plastiki vya kung'ata waya havifai. Menya waya, zungushia, lehemu kwa risasi, funga tepu. Athi, yaani waya hasi, ikae kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi.

Gari linalolala kwenye gereji iliyoungana na nyumba lisifungwe rimoti. Kitufe kikibonyezwa kwa bahati mbaya usiku, moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na waliolala hawatajua.

Siku ya kuunganisha, teremsha kioo cha dereva, chomoa athi ya betri, subiri dakika kadhaa, na plagi za njano za eabegi usiziguse. Plagi kubwa ya kifaa iingie mwisho. Kabla ya kurudisha plastiki za dashibodi, lisogeze gari nje na ujaribu rimoti boneti ikiwa wazi: injini isiwake. Funga boneti, washa kwa rimoti, kanyaga breki bila ufunguo: izime papo hapo.