Mafuta ya Krisma hayaondoi hasira

Kila msimu wa upadirisho unapokaribia, wazazi na walei wanaokuja kuongea nami wananiambia neno lilelile: "Akishapata daraja la upadre, atatulia." Kijana anayesomea upadre ana hasira za karibu, akikosolewa ananuna wiki nzima, lakini wote wanangoja siku askofu atakapompaka Krisma, mafuta matakatifu, viganjani.

Hatatulia. Daraja takatifu huacha alama isiyofutika rohoni, lakini silika anabaki nayo. Mwanateolojia Tomaso wa Akwino alikwishafundisha kwamba neema haiondoi maumbile, bali huyakamilisha. Kinachogeuka siku ile ni watu wanaomzunguka. Juzi alikuwa frateri, mwanafunzi wa upadre wa kuamshwa na kengele, amepangiwa saa ya kula, kusoma na kulala, pengine tangu seminari ndogo, yaani sekondari. Leo bibi wa miaka 70 anamwamkia, "Shikamoo, Padre." Akifoka kikaoni, wazee wanainamisha vichwa. Sheria za Kanisa zinaruhusu upadre kuanzia miaka 25. Katika umri huo vijana wenzake wanakosolewa na wake zao, wajomba zao na mabosi wao. Yeye nani atamwambia, "Hapo umekosea"? Ile hasira aliyoingia nayo inapata pa kustawi, na upweke wake hakuna anayeuona kwa sababu ya heshima anayopewa.

Papa Yohane Paulo II, mwaka 1992, aliyaita malezi ya kiutu msingi wa malezi yote ya kipadre, na mwongozo wa Roma wa mwaka 2016 unataka malezi yaendelee hata baada ya daraja. Maparoko, nawasihi: paroko msaidizi akikosea, mwambieni mezani jioni ileile. Msingoje barua za waumini zifike kwa askofu.

Wapo wanaosema, "Angeoa, yangeisha." Wachungaji wa Kilutheri wana wake na watoto, na wanakuja kwangu wameelemewa vilevile. Asiyejua kuomba msamaha hatafundishwa na pete.

Wengine husema, "Kumwona mwanasaikolojia ni kupungukiwa imani." Vatikani yenyewe ilitoa mwongozo wa kutumia saikolojia katika kupokea na kulea waseminari, mwaka 2008. Dhana hiyo tuiache.

Wengine tena, "Padre mwema hapumziki." Kanuni ya 533 ya Sheria za Kanisa inampa paroko likizo ya hadi mwezi mmoja kila mwaka. Basi akiaga kwenda kumwona mama yake, halmashauri walei isimpangie harambee wiki hiyohiyo.